Hadhira Isiyojinunulia Tiketi: Nani Anawalea Viongozi Chipukizi wa Sanaa za Maonyesho kwa Watoto?

Tarehe 10 Aprili 2025, mjini Nakuru nchini Kenya, wasichana wa shule ya sekondari ya Butere walipanda jukwaani katika tamasha la taifa la maigizo ili waonyeshe tamthilia yao iitwayo "Echoes of War". Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuamuru kwamba waruhusiwe. Hata hivyo, mwandishi wa tamthilia hiyo, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa jioni iliyotangulia, umma ulikuwa umezuiwa kuingia, na polisi waliwatawanya watu kwa mabomu ya machozi. Wasichana wale waliimba wimbo, kisha wakashuka bila kuigiza. Walilalamika kwamba hawakuwa na hadhira, hawakuwa na vifaa vya sauti, na aliyewaongoza hakuwepo.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, hata huku kwetu Tanzania. Upande mmoja ulisema kwamba serikali imewaogopa watoto. Upande wa pili ulisema kwamba Malala, aliyepata kuwa seneta wa Kakamega na katibu mkuu wa chama tawala kabla ya kutengana nacho, amewatumia wanafunzi kusema ya kwake, na kwamba kuongoza maigizo ya shule ni kazi ya walimu. Sina haja ya kuuma maneno: kuweka askari kati ya wanafunzi na hadhira yao kwa sababu ya tamthilia ni aibu isiyo na utetezi. Lakini katika kelele zile zote kuna mtu mmoja ambaye hakuna aliyemuulizia. Ni yule mwongozaji kijana, aliyefunzwa kazi hii, anayejua namna ya kukaa na wasichana wa miaka 16 na kutengeneza nao mchezo, na anayewajibika kwao kwanza kabla ya kuwajibika kwa chama, wizara au mfadhili.

Mtu huyo ni adimu katika Afrika Mashariki. Wapo walimu wenye moyo na wapo wasanii wenye vipaji, na baadhi yao wanafanya kazi ya kuheshimika katika mazingira magumu. Uadimu ninaousema ni wa kiongozi wa fani, yaani mtu aliyeichagua sanaa ya maonyesho kwa watoto na vijana kuwa taaluma yake ya maisha, akapewa nafasi ya kukua ndani yake, na akakabidhiwa madaraka angali kijana. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba uadimu huo ni matokeo ya maamuzi yetu. Tunawapenda watoto jukwaani siku ya mgeni rasmi, lakini hatujaamua kuwakuza watu wa kufanya nao kazi katika siku nyingine zote za mwaka.

Hadhira ya aina yake

Ili tuelewe kwa nini fani hii inahitaji viongozi wake yenyewe, tuanze na jambo moja la msingi. Mtoto ni hadhira isiyojinunulia tiketi. Mtu mzima akichoshwa na mchezo huondoka, na kesho hatarudi. Mtoto hupelekwa. Mzazi ndiye anayelipa, mwalimu ndiye anayechagua, serikali ndiyo inayotoa kibali, na mara nyingi shirika lenye fedha ndilo linaloamua mchezo uhusu nini. Kati ya mtoto na jukwaa wamesimama watu wazima wanne, na kila mmoja anataka mchezo umfundishe mtoto jambo fulani.

Hapo ndipo penye mtihani wa kiongozi chipukizi. Anayemlipa siye anayemhudumia. Akimsikiliza mlipaji peke yake, atatengeneza hotuba iliyovishwa mavazi ya mchezo: mtoto mtiifu anafaulu, mtoto mkaidi anaangamia, pazia linafungwa. Watoto watapiga makofi kwa sababu wameambiwa wapige. Akimsikiliza mtoto, atagundua kwamba mtoto wa miaka 5 hufuatilia jambo kwa mwili wake wote, na likimchosha huinuka akaenda zake. Kwamba wa miaka 9 anataka kujua iwapo haki imetendeka. Na kwamba wa miaka 15 anaunusa uongo wa mtu mzima kabla sentensi haijaisha. Ni elimu inayopatikana kwa kukaa na watoto hao kwa muda mrefu, kuwajaribishia onyesho ambalo halijakamilika, kuona lilipopwaya, na kulirekebisha.

Mababu zetu waliijua elimu hiyo. Mtambaji wa hadithi hakuanza mpaka wasikilizaji wameitika. Aliposema "Paukwa", asipoitikiwa "Pakawa", hapakuwa na hadithi. Mtoto alikuwa na sehemu yake katika sanaa ile, na sehemu hiyo ilikuwa na nguvu. Na mjukuu aliyeitikia vizuri leo ndiye aliyepewa kipande cha hadithi akitambe kesho, bibi akiwa palepale kando yake. Utaratibu wa kukuza viongozi ulikuwemo ndani ya sanaa yenyewe, na haukuhitaji cheti.

Linganisha na methali tunazopenda kuzitaja tunapozungumzia watoto. Samaki mkunje angali mbichi. Udongo upatilize ungali maji. Ni methali zenye hekima yake, lakini katika zote mtoto ni kitu kinachokunjwa na kufinyangwa. Tumezibeba hadi jukwaani, na matokeo yake ni kwamba vijana wengi wanaoingia katika fani hii wanafunzwa namna ya kumkunja mtoto. Namna ya kumsikia hawafunzwi.

Tuliwahi kufanya vizuri zaidi

Hatuhitaji kuazima mfano kutoka mbali. Mwaka 1996, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme kwa wasichana wa shule za sekondari. Hawakuzuka ghafla. Miaka kumi na zaidi kabla ya hapo walikuwa wamefanya kazi ya sanaa ya maonyesho na wanavijiji, ikiwemo ile ya Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walipofika shuleni, walikuwa watu waliokwisha kujifunza kwamba jamii huzungumza ukweli pale inapoulizwa, na hunyamaza pale inapohutubiwa.

Utaratibu wa Tuseme ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza. Wasichana wenyewe walichunguza ni mambo gani yanayowazuia kusoma. Wakayachambua, wakatafuta chanzo chake, wakatengeneza onyesho, wakalionyesha mbele ya wenzao na walimu wao, na baada ya onyesho pakawa na mjadala na mpango wa nini kifanyike. Onyesho halikuwa mwisho wa safari, kwa maana kazi iliyokuwa na uzito ilianza pale makofi yalipokoma, msichana aliposimama mbele ya mkuu wa shule na kueleza kwa sauti yake jambo ambalo hadi juzi lilisemwa bwenini kwa kunong'ona.

Na walisema mambo mazito: bughudha za kimapenzi kutoka kwa watu wazima, mimba, na adhabu. Ilikuwa mwezi Novemba 2021, robo karne baadaye, serikali yetu ilipotangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi katika mfumo rasmi wa shule. Sidai kwamba jukwaa ndilo lililobadili sera hiyo. Ninachodai ni kwamba jambo ambalo taifa lilichukua miaka mingi kulikubali, wasichana walikuwa wamekwisha kulifikisha jukwaani. Nchi yenye masikio ingepata habari mapema.

Sasa tazama upande wa uongozi. Tuseme ilivuka mipaka. Kupitia shirika la FAWE, ambalo Mlama alikuja kuwa mkurugenzi wake mtendaji, mbinu zake zilienea katika nchi nyingi za Afrika. Hayo ni mafanikio makubwa ya wanawake wawili wasomi na wenzao. Lakini swali la kizazi chetu ni hili: waliowarithi wako wapi? Wale wasichana walioongoza vikundi wakiwa na miaka 17 walipomaliza shule, walikuta njia gani mbele yao? Wengi wao, bila shaka, ni raia jasiri zaidi leo kwa sababu ya kazi ile. Hata hivyo, taifa halikuwa na ngazi ya kuwapandisha kutoka klabu ya shule hadi chuo, kutoka chuo hadi kikundi cha kudumu, na kutoka kikundi hadi uongozi wa fani. Tuliwafundisha kusema, kisha hatukuwapa mahali pa kuendelea kusema.

Mashindano na warsha si malezi

Tulichonacho leo ni mashindano na miradi. Kenya ina tamasha la maigizo la shule na vyuo lenye historia ya zaidi ya miaka 60, na yeyote aliyeliona atakubali kwamba halina mfano katika ukanda huu kwa idadi ya vijana linaowagusa. Sisi tuna UMITASHUMTA na UMISSETA, ambamo kwaya na ngoma hupata nafasi pembeni ya riadha na mpira. Mashindano yana faida zake. Yanaleta nidhamu, yanaibua vipaji, yanawakutanisha watoto wa mikoa tofauti. Lakini mashindano humfundisha mwongozaji kijana jambo moja kuliko yote, nalo ni namna ya kumpendeza mwamuzi. Mtoto anageuka kuwa nyenzo ya ushindi wa shule, na msimu ukiisha kikundi huvunjika.

Miradi nayo ina tabia yake. Shirika linapata fedha za kampeni ya afya, usafi au uchaguzi. Kijana mwenye shahada ya sanaa anaitwa, anapewa siku tatu za warsha, ujumbe uliokwisha kuandikwa na fulana 30. Anatafuta watoto, anawakaririsha ujumbe, wanaonyesha, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa. Mwezi unaofuata mada ni nyingine na wilaya ni nyingine. Baada ya miaka mitano ya maisha hayo, kijana yule ana vyeti vya kujaza bahasha lakini hajawahi kukaa na watoto walewale kwa miezi sita mfululizo. Amekuwa fundi wa kusafirisha ujumbe, na si kosa lake. Kila mahali alipotafuta riziki, hiyo ndiyo kazi aliyopewa.

Najua kuna atakayesema kwamba nchi maskini haiwezi kujiingiza katika anasa ya sanaa kwa watoto wakati madarasa hayatoshi. Ni hoja ya kuheshimiwa, na nitaijibu kwa hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na takribani nusu yao hawajafikisha miaka 18. Kundi kubwa hivyo halina kura, halina gazeti, halina mwakilishi wake bungeni. Jukwaa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo linaweza kuzungumza kwa pamoja na kusikika. Chumba kitupu, mwongozaji mmoja aliyefunzwa vizuri na saa mbili kwa juma vina gharama ndogo kuliko mashindano ya siku kumi yenye mabasi na posho. Tatizo letu ni mpangilio wa fedha ambazo tayari tunazitumia.

Kuaminiwa na kulindwa

Historia ya fani hii duniani inatuonyesha kwamba kiongozi wake anaweza kuwa kijana kuliko tunavyothubutu kufikiri. Mwaka 1918, mjini Moscow, msichana wa miaka 15 aitwaye Natalia Sats alikabidhiwa kazi ya kuanzisha sanaa ya maonyesho kwa watoto wa mji ule. Aliifanya. Baadaye ndiye aliyemwomba Sergei Prokofiev atunge "Peter and the Wolf", kazi iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na ambayo hadi leo hutumika kuwafundisha watoto kutambua ala za muziki. Mwaka mmoja baadaye, wakati wa msako wa Stalin, alikamatwa na kupelekwa kambini kwa miaka mitano, kwa kuwa mke wa mtu aliyeitwa msaliti.

Dola ileile iliyomwamini akiwa na miaka 15 haikumlinda alipotimiza 34. Kumwamini kijana ni nusu ya malezi. Nusu ya pili ni kumlinda pale kazi yake inapowaudhi wakubwa. Sisi katika ukanda huu tuna sheria zinazoipa serikali mamlaka juu ya michezo ya jukwaani: Kenya ina Sura ya 222, na Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Tuna pia kumbukumbu ya Kamiriithu, ambako mwaka 1977 kibali cha mchezo wa wanakijiji kilifutwa, na mwisho wa mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Kijana anayeingia katika fani hii anazijua habari hizo. Anajua pia kwamba mwaka 2013 shule hiyohiyo ya Butere ilizuiwa na tamthilia yake "Shackles of Doom", hadi mahakama ilipoingilia kati. Kwa hiyo hujikata ulimi mwenyewe kabla hajakatwa. Hiyo ndiyo gharama kubwa zaidi ya yaliyotokea Nakuru, kwa sababu mchezo mmoja uliozuiwa unaonekana, na mia moja ambazo vijana wameogopa kuziandika hazionekani.

Mtandao wa kimataifa wa sanaa za maonyesho kwa watoto na vijana, ASSITEJ, ulianzishwa mjini Paris mwaka 1965. Mkutano wake mkuu ulifika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2017, mjini Cape Town, baada ya miaka 52. Bara lenye uwiano mkubwa wa vijana kuliko mabara yote limekuwa mgeni katika mazungumzo yanayowahusu vijana. Lawama si ya wenyeji wa mikutano peke yao. Mgeni hutoka nyumbani akiwa na kitu cha kusimulia, nasi tumekuwa tukituma wajumbe ambao nyumbani hawana kikundi, hawana ukumbi na hawana mwajiri.

Nini kifanyike

Kwa wanafunzi wa sanaa na ualimu, ushauri wangu ni kuanza padogo na kudumu hapo. Chagua shule moja na darasa moja, kaa nalo miaka miwili. Andika kila juma watoto walifanya nini pale ulipodhani watacheka wakanyamaza. Andika michezo ya Kiswahili kwa ajili ya umri maalumu, kwa maana hazina yetu ya tamthilia kwa watoto wadogo ni nyembamba mno ikilinganishwa na ile ya watu wazima. Usingoje mradi ukuite. Na utakapokuwa na watoto 20 wanaokuamini, jifunze kuwaachia. Kipimo cha kiongozi katika fani hii ni kile watoto wanachoweza kufanya siku ambayo hayupo.

Kwa wanaharakati na mashirika, acheni kununua siku tatu. Mwajirini kijana mmoja kwa miaka mitatu katika kata moja, na muwaachie watoto wachague mada. Huenda mlitaka wazungumzie malaria, nao wakachagua mwalimu anayewapiga. Hapo ndipo mtakapojua kama mliamini maneno mliyoyaandika katika andiko lenu la mradi kuhusu sauti ya mtoto.

Kwa watumishi wa umma, nina maombi matatu, na yote yako ndani ya uwezo wenu. La kwanza ni ikama. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefungua mlango kwa mafunzo ya amali, sanaa ikiwamo, lakini mlango usio na mwalimu ni ukuta. Wahitimu wa vyuo vikuu na wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, chuo ambacho kimekuwa kikifundisha sanaa tangu mwaka 1981, wapo mitaani wanatafuta kazi. Waajirini kama walimu wa sanaa, na wala wasiwe walimu wa somo jingine wanaokumbukwa siku ya sherehe. La pili ni malezi ya kazini: kila mwongozaji mpya apewe mlezi mzoefu kwa miaka miwili, na mlezi huyo apimwe kwa namna alivyomwachia nafasi. La tatu ni utaratibu wa haki. Afisa anayezuia mchezo wa wanafunzi atoe sababu zake kwa maandishi, aziweke wazi kwa shule na wazazi, na kuwe na mahali pa kukata rufaa kabla ya siku ya onyesho. Amri ya simu isiyo na jina wala tarehe isiwe na nguvu yoyote.

Nimesikia ikisemwa kwamba siasa haina nafasi katika michezo ya watoto. Nakubali kwamba mwanasiasa asiwatumie watoto kama ngao, na ndiyo sababu nahimiza tuwe na viongozi wa fani wanaojua kuwalinda na hilo. Lakini mtoto anayesoma katika darasa la wanafunzi 120, anayetembea saa moja bila kifungua kinywa, tayari yumo ndani ya siasa. Kumzuia asiizungumzie hakumtoi humo. Kunamfundisha tu kwamba nchi yake inapenda akae kimya, na somo hilo huwa halisahau akiwa mtumishi wa umma, mwalimu au mpiga kura.

Bajeti za halmashauri hupangwa kila mwaka, na mafungu ya elimu na utamaduni yamo. Diwani wako, afisa elimu wako na mkuu wa shule aliye jirani yako wanaweza kuulizwa swali moja lenye jibu la ndiyo au hapana: je, katika kata hii kuna mtu hata mmoja anayelipwa kufanya sanaa ya maonyesho na watoto mwaka mzima? Waulizeni. Jibu likiwa hapana, tuanze hapo.